Wimbo Uliofichwa Mzingani

Wenseslaus Mtui, mwalimu wa kwaya ya Kikatoliki Marangu, alifundisha wimbo wake mkubwa kwa siku nne tofauti, sauti moja siku moja, na alifanya hivyo makusudi. Jumatatu walikuja kina mama wa sauti ya kwanza. Jumanne sauti ya pili. Jumatano wanaume wa sauti ya tatu, na Alhamisi besi. Karatasi hakumpa mtu. Nota zote, zile do na re na mi alizoandika kwa penseli na kwa mkono uliotulia, zilikuwa ndani ya daftari moja lenye jalada jeusi, na daftari hilo halikubanduka kwapani mwake. Jumapili kwaya ilipoimba pamoja, kila mtu alikuwa na robo ya wimbo kichwani. Mwenye wimbo mzima alikuwa yeye peke yake.

Tusimwonee lakini. Ulikuwa mwaka 1988, biashara zimefunguliwa, redio za kaseti zimejaa madukani Moshi mjini, na kila kwaya inaota kutoa kaseti yake. Miaka miwili nyuma Wenseslaus alikuwa amemwachia mgeni mmoja nota za wimbo wa matoleo, kwa moyo mweupe kabisa. Siku moja yuko stendi ya Bomang'ombe anasubiri basi, akausikia wimbo wake unaimbwa kwenye duka la kaseti. Akalishika jalada, akaligeuza mbele na nyuma. Jina lake halikuwamo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Wenseslaus tangu siku ile alishtukia hata kivuli cha karatasi.

Na wimbo huu wa pili haukuwa wa kuchezea. Aliupata mwaka ambao mkewe, Flavia, alijifungua mtoto wao wa mwisho na akakaa siku tisa hospitali, kati ya kwenda na kubaki. Siku ya kumi daktari alisema atapona. Wenseslaus alirudi nyumbani kwa miguu akifuata mfereji unaoteremsha maji mashambani, na maji yale yalikuwa yanakwenda kwa nguvu, na wimbo ukamjia mzima, sauti zote nne, kabla hajafika mlangoni. Kila mtu wa mlimani Kilimanjaro anajua maji ya mfereji ni ya zamu: leo kwako, kesho kwa jirani, na ole wako ukifungua siku isiyo yako. Kiitikio kilisema hivi:

*Hukunipimia kwa zamu, Bwana,*
*mfereji wote umenifungulia.*

Watu waliposikia maneno hayo mara ya kwanza kanisani, wazee wenye mashamba makavu upande wa chini walilia waziwazi. Sasa mtu aliyetunga maneno kama hayo, ndiye huyo huyo aliyekuwa akiwapimia wenzake wimbo kwa zamu, robo robo. Na yeye hakuliona. Nyani haoni kundule.

Mwaka 1990 akaja Eliufoo. Huyu alikuwa mwalimu wa kwaya ya Kilutheri kule Mwika, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye meno yaliyopishana mbele. Aliusikia wimbo kwenye harusi, akatembea kutoka Mwika kupitia Mamba hadi Marangu na kikapu cha ndizi kichwani, bila aibu yoyote ya kubeba kichwani kama kina mama.

"Shikamoo, mwalimu. Bwana asifiwe."

"Marahaba. Milele na milele, amina," akajibu Wenseslaus, akimchanganyia salamu za madhehebu mawili.

Eliufoo akaeleza haja yake. Ndugu zake wa Mwika wana sikukuu ya mavuno. Wanaomba nota za ule wimbo wa mfereji, waimbe na wao.

"Subirini kaseti," akasema Wenseslaus.

"Mwalimu, sisi hatutaki kuurekodi. Tunataka kusali nao."

"Nimekuelewa. Subirini kaseti."

Eliufoo hakubisha. Alikunywa chai aliyopewa na Flavia, akaaga, akaacha ndizi pamoja na kikapu chake. Wenseslaus akabaki ana wasiwasi. Wiki nzima alilala na daftari chini ya godoro, kisha akaona hapatoshi. Nyuma ya nyumba, kwenye mti wa mringaringa, ulining'inia mzinga wa zamani wa baba yake, mtupu kwa miaka mingi. Akalifunga daftari ndani ya gunia, akaweka ngazi, akalisukumiza mzingani, akaziba. Nani atautafuta wimbo wa Bwana kwenye mzinga wa nyuki? Kisha akatangaza kwamba wimbo ule hautaimbwa tena na mtu yeyote mpaka siku ya kurekodi.

Siku ya kurekodi haikufika. Mara studio imejaa, mara wanakwaya hawajatimia, mara yeye mwenyewe hakuridhika na besi. Watu walichoka. Onesphory, nguzo ya sauti ya tatu, alihamia Dar. Vedastus wa besi alipata kazi kwenye mashamba ya miwa huko tambarare. Kwaya ikapata mwalimu mwingine, na Wenseslaus akarudi kwenye kahawa yake, mzee kabla ya wakati, akiwalaumu watu wote isipokuwa mmoja.

Ndivyo mambo yalivyokuwa hadi mwanzoni mwa 1998, baada ya zile mvua za El Nino zilizobomoa njia na kung'oa migomba. Flavia aliugua moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na hospitali wakampa dawa wakasema akapumzike nyumbani, kwa sauti ile ya upole ambayo wagonjwa huielewa upesi kuliko ndugu zao. Wenseslaus alimwekea kitanda sebuleni, mlango ukiwa wazi, aone migomba na watu wanaopita.

Asubuhi moja ya Ijumaa Flavia akasema, "Baba Rogath, nina hamu na kitu."

"Sema, mama. Mtori? Niwaambie wakupikie sasa hivi."

"Nataka kuusikia ule wimbo wangu."

Wimbo wangu. Wenseslaus alikaa kitako kitandani, akasafisha koo, akamwimbia kiitikio chote kwa sauti yake iliyoanza kukwaruza. Flavia alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono.

"Asante. Lakini hiyo ni sauti moja. Mimi nautaka wote, kama ulivyokuja nao siku ile. Kabla sijaondoka."

Hakuna neno lililowahi kumchoma Wenseslaus kama lile. Alitoka hadi kwenye mringaringa, akaweka ngazi, akapanda. Kabla hajagusa kizibo alisikia muungurumo. Nyuki walikuwa wamehamia, na si jana wala juzi. Alifukiza moshi wa majani makavu ya mgomba, akaumwa mara nne usoni, akazibua. Masega yalikuwa yamejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Gunia lilikuwa nyuzi. Jalada jeusi alilipata, limebakia kipande cha kiganja, na ndani yake hakuna ukurasa hata mmoja. Nyuki huitafuna karatasi na kuitupa nje kama takataka. Kwa miaka minane wimbo wake ulikuwa ukidondoka chini ya mti, chembe kwa chembe, na kuku wakiuparua.

Alijaribu kuukumbuka. Sauti ya kwanza anayo. Besi aliipata karibu yote, ya pili vipandevipande. Lakini ile sauti ya tatu, iliyokuwa inapanda wakati nyingine zinashuka, ile iliyokuwa ndiyo maji yenyewe, ilikuwa imetoweka. Alikaa juu ya jiwe akajipigia mapigo gotini kwa kiganja, akaimba, akakosea, akaimba tena. Mwisho alilia kama mtoto, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, na uso umevimba kwa nyuki.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Juliana, aliyekuwa mkubwa wa sauti ya pili. Alimkuta anaanika kahawa. Akamweleza yote, hata habari ya mzinga. Juliana hakucheka, na hiyo peke yake ilitosha kumtia mashaka.

"Sauti ya pili ninayo, mwalimu," akasema. "Ya tatu sina. Hukuturuhusu hata kusikilizana mazoezini."

"Najua."

Juliana akaigeuzageuza kahawa kwa mkono kwa muda mrefu. "Nenda Mwika," akasema hatimaye.

"Mwika kuna nini?"

"Wanauimba."

Wenseslaus akadhani hakusikia vizuri. "Wanauimba nini?"

"Wimbo wako. Wote. Na si Mwika tu. Mamba wanauimba, na Rombo, na wapagazi wanauimba wakipandisha mizigo ya wageni mlimani. Kwenye misiba ndiyo usiseme. Ila ukitokea wewe tunaacha. Mtu mmoja hukaa njiani; akikuona unakuja anakohoa, nasi tunahamia wimbo mwingine. Tulikuwa tunakuogopa, mwalimu. Tena tulikuonea huruma."

Mlima mzima, kwa miaka minane, ulikuwa umemficha mtu wimbo wake mwenyewe. Wenseslaus alisimama hapo kwa Juliana ameduwaa, hajui akasirike au afanyeje. Kisha hasira ikashinda, kwa sababu hasira ndiyo aliyoizoea, akashika njia ya Mwika.

Alitembea kwa matope akitunga maneno ya kumwambia Eliufoo. Wezi. Wezi wa sadaka. Maneno aliyoyaandaa yalikuwa makali na mazuri, na alipofika karibu na kanisa la Mwika saa tisa alasiri alikuwa ameyakariri. Kisha akausikia.

Walikuwa katikati ya mazoezi. Wimbo ulitoka madirishani ukapita juu ya mibuni yenye maji, na Wenseslaus akasimama pale pale, mguu mmoja kwenye dimbwi. Sauti ya kwanza ilikuja kama alivyoiacha. Ya pili ikaifuata kwa chini. Besi ikaweka msingi. Halafu ile ya tatu, aliyoililia jana yake juu ya jiwe, ikainuka katikati ya nyingine zote, ikapanda. Hakuna nota iliyopotea. Hakuna hata moja! Alitaka kuvua kofia akagundua ameshaivua. Alijisikia mdogo, kama mtu aliyeingia chumbani na kumkuta Mungu ameshafika muda mrefu, ameketi, anazungumza na watu wengine. Maneno yake makali yote yalimtoka kichwani, na hakuyatafuta.

Eliufoo alimwona dirishani, akanyamazisha kwaya kwa mkono. Watu wakageuka. Mtu mmoja akakohoa, kwa mazoea tu, na wenzake wakamtazama vibaya.

"Mwalimu, karibu ndani," akasema Eliufoo. Alikuwa na mvi kidogo sasa, lakini meno ni yale yale.

"Nani aliwapa?" akauliza Wenseslaus. Alitaka iwe kwa ukali, ikatoka kama mtu anayeuliza njia.

Eliufoo alifungua kabati, akatoa karatasi nne zilizochakaa kwenye mikunjo, zimeunganishwa kwa gundi ya unga. Wenseslaus alizitazama mwandiko. Ulikuwa mwandiko wa mviringo, wa mtu aliyeishia darasa la nne, asiyejua nota ila amezinakili moja moja, nukta kwa nukta, mstari kwa mstari, kama mtu anayefuma mkeka kwa kuutazama wa mwenzake. Mwandiko huo aliujua. Ndio ulioandika majina ya watoto wake kwenye madaftari yao ya shule.

"Siku ile niliacha kikapu kwenu," akasema Eliufoo. "Baada ya wiki mbili kikarudi kwa mkono wa mama mmoja aliyekuja sokoni. Juu kulikuwa na magimbi. Chini ya magimbi kulikuwa na hizi. Na aliandika sharti: asiuziwe mtu, asinyimwe mtu, na kila anayepewa amnakilie mwingine. Tumelishika, mwalimu. Juu kabisa tumeandika jina lako, na kila tuliyempa tumemwambia aliandike. Tazama."

Lilikuwepo. Wenseslaus Mtui, Marangu. Mtu aliyefungia wimbo mzingani ili jina lisipotee, jina lake lilikuwa limetembea mlima mzima bila yeye.

Wenseslaus akazirudisha karatasi. Kisha akamweleza Eliufoo habari za Flavia, na anachokitaka, na muda aliobakiwa nao. Hakuomba. Aibu haikumruhusu kuomba.

"Kesho baada ya ibada," akasema Eliufoo, kama vile ameulizwa kitu chepesi. "Tutakuja."

Jioni ile Wenseslaus aliketi kando ya kitanda. Flavia alimtazama usoni, akajua.

"Umefika Mwika," akasema.

"Nimefika. Mama Rogath, ulikuwa unanakili saa ngapi?"

"Ulipokuwa unapeleka kahawa kwenye chama cha ushirika. Mwanamume anaficha kitu chini ya godoro, anasahau nani anatandika kitanda." Akavuta pumzi, akapumzika kidogo. "Nilikuibia. Nisamehe. Lakini kikapu cha watu, baba, ningekirudishaje kitupu?"

"Magimbi yangetosha."

"Yangetosha kwa ndizi," akasema Flavia. "Yule kijana hakuja na ndizi tu. Alikuja amekuamini."

Wenseslaus aliinama akauweka uso wake wenye uvimbe wa nyuki kwenye kiganja cha mkewe, na hakuuondoa hadi Flavia alipopitiwa na usingizi.

Jumapili kulikucha kweupe, kilele cha Kibo kiko wazi chote na theluji yake, utadhani kimeoshwa. Saa nane mchana wakaanza kusikika. Wenseslaus alikuwa amewategemea watu ishirini wa Mwika. Waliotokea kwenye njia ya migomba hawakuwa ishirini. Njiani Mamba walikuwa wamejiunga wengine. Juliana alikuja na waliobaki wa kwaya ya zamani, moja kwa moja kutoka misani. Walikuja wapagazi wawili na makoti yao ya baridi, na mama mmoja wa Rombo aliyefika kwa ndugu zake usiku wa kuamkia siku hiyo. Vedastus alipanda lori la miwa kutoka tambarare, amefuatwa na habari sijui kwa njia gani. Walibeba ndizi, maziwa, kuni, hata maji ya kupikia, wakakabidhi jikoni kwa mabinti wa nyumba bila maelezo. Uani hapakutosha, wakasimama kati ya migomba na mibuni, mpaka kwenye ukingo wa mfereji.

Walimtoa Flavia kwa kiti, mito mgongoni, wakamweka mlangoni. Eliufoo akamwendea Wenseslaus, akamwinamia. "Mwalimu, tuongoze."

Wenseslaus akatikisa kichwa. Alikwenda kusimama nyuma ya kiti cha mkewe.

Basi Eliufoo akatoa do, na mlima ukaimba. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Wakatoliki wakasema Kristu na Walutheri wakasema Kristo kwenye neno lile lile, na wimbo haukuanguka. Ile sauti ya tatu ilitoka pande tatu kwa pamoja, kushoto, kulia na juu kwenye mfereji, na Wenseslaus akashika mgongo wa kiti. Siku ile alipokuja nao kutoka hospitali alidhani amepewa kitu cha mtu mmoja. Sasa aliuona ukubwa wake, na ulimtisha, na alifurahi kutishwa. Flavia alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilifuata kila neno, na pumzi yake fupi ikajipanga na pumzi za wale watu wote.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Wenseslaus akasubiri kimya cha mwisho, kwa sababu wimbo wake ulikuwa na beti mbili. Hawakunyamaza.

*Nilimnyima jirani kikombe,*
*naye kanichotea mtungi.*
*Hukunipimia kwa zamu, Bwana,*
*mfereji wote umenifungulia.*

Alimgeukia Eliufoo kwa macho ya mtu aliyeguswa begani na asiyeonekana. Wimbo ulipotulia, na kimya kikakaa migombani, akauliza, "Huo wa tatu umetoka wapi?"

"Ulirudi kutoka Rombo miaka miwili iliyopita, kwenye karatasi iliyonakiliwa," akasema Eliufoo. "Tulidhani ni wako."

"Si wangu."

Wakamtazama mama wa Rombo. Naye akasema kwao waliupokea kutoka upande wa Mwika, wakadhani ni wa mwalimu. Wakaulizana, huyu akimtazama yule. Hakupatikana wa kuukubali. Mtu mmoja mahali fulani mlimani, asiyemjua Wenseslaus wala kikapu wala mzinga, alikuwa ameandika maisha yake katika mistari miwili, akayaachilia bila jina yaende zake.

Flavia alifumbua macho. "Ni mzuri kuliko ule wa pili," akasema, na watu wakacheka, na Wenseslaus mwenyewe akacheka huku machozi yanamtiririka mbele ya watu wote.

Kisha akafanya jambo ambalo kwaya yake ya zamani haikuwahi kuliona. Alitoka nyuma ya kiti, akavuka ua, akaenda kujipanga mstari wa nyuma, pembeni ya Vedastus, pamoja na besi.

"Nifundisheni huo wa tatu," akasema. "Polepole, tafadhali. Mimi siujui."

Vedastus akamsogezea karatasi wasome wote wawili, na Eliufoo akawapa do.